Tanuri Ambalo Hatukulichoma

Kwetu mtu akitaka kujenga, huanza na tanuri. Hapimi kiwanja wala hahesabu vyumba. Anakata miti, anachoma matofali chungu nzima, ili majirani waseme huyu kweli anajenga. Yanayobaki huota majani pembeni mwa nyumba, nyoka wakapata makazi.

Kwa hiyo mvua ilipoibomoa nyumba ya mama kule Matambarale, kaka yangu alifika na shoka. Alitaka kuni za tanuri, na mti mkubwa wa karibu ulikuwa mkorosho wa nyuma ya nyumba, alioupanda marehemu baba. Mama aligeuza kigoda chake, akaupa mti mgongo, nikajua anaumia.

Mimi nasimamia majengo Nachingwea, na kitu kinachonipandisha hasira ni mali inayogeuzwa kifusi.

"Kaka, subiri. Tujenge na matofali haya yaliyoanguka. Udongo unabanduka, tofali zenyewe nzima."

"Tofali kuukuu? Watu watatucheka."

"Wacheke. Yakipungua, kata huo mti."

Ulimi hauna mfupa. Nilijuta palepale.

Tukapima kwanza. Chumba cha wageni alichokitaka kaka tukakifuta, maana wageni wenyewe hatujawahi kuwaona. Fundi alikoroga udongo kidogo kidogo ili usimkaukie, na vipande vya matofali tukavishindilia sakafuni. Hata hivyo rundo la matofali lilikuwa likiisha upesi, na shoka la kaka lilikuwa limeegemezwa kwenye mkorosho uleule. Kila nikiliona, nilihesabu upya matofali yaliyobaki.

Kuta zilipovuka madirisha, rundo likaisha. Kaka akasimama, akalifuata shoka.

Mama naye akasimama. Alitoka bila kuaga, akaenda kwa jirani. Tulimwona akirudi na tofali lenye ukoga kichwani, jirani nyuma yake akicheka.

"Chukueni yote!" jirani akasema. "Tangu nichome tanuri langu, kazi yangu ni kuua nyoka."

Nilishusha pumzi, kisha nikacheka hadi machozi yakanitoka. Matofali yalitosha mpaka chini ya kenchi za paa.

Msimu wa korosho ulipofika, kaka alikuja kuiona nyumba. Mama akampa kikapu.

"Okota, baba. Shoka lako nakatia matawi makavu tu."

Kaka akaingia chini ya mkorosho, akainama, akaanza kuokota.