Grizel Pow na Mkate wa Ubatizo

Usiniletee habari za Grizel Pow. Hapa Whinlaw wanasema ana kiburi, ana ulimi mkali, hasalimii watu. Uongo! Anawasalimia wote. Asiyesalimiwa ni mimi, na nitasema kwa nini. Nikimaliza, mwenye hamu ya kumsengenya aende akawasimulie ng'ombe.

Grizel hakuzaliwa kwenye makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mfumaji, na yeye alikulia kwenye nyumba yenye dirisha, akisokota sufu. Akampenda kaka yangu Ninian, mchimbaji, mwanamume wa sura nzuri na akili za kuazima. Kwetu ukiolewa na mchimbaji umeolewa na shimo. Mume anakata makaa huko chini, mke anayapandisha juu mgongoni, kikapu kimeshikwa na mkanda wa kwenye paji la uso, ngazi baada ya ngazi, mara ishirini kwa siku. Siku ya kwanza Grizel alitokea juu analia, nami nikamcheka.

"Bado kumi na tisa, wifi," nikamwambia.

Akanitukana tusi ambalo sikujua kama mabinti wa wafumaji wanalijua. Tukacheka wote wawili mpaka tukakaa chini kwenye tope. Tangu hapo tukawa chanda na pete.

Alizaa wana wawili, na wote wawili wakafungwa. Siku ya ubatizo bwana wa shimo hutuma zawadi ndogo, kitambaa, kofia, kitu chochote. Sisi twaiita kishika mkono. Mzazi akiipokea, mtoto ni wa shimo mpaka kaburini. Akitoroka anarudishwa kama mwizi, eti ameiba mwili wake mwenyewe! Sikilizeni upuuzi huo. Mzazi akikataa, mtoto yu huru, aende atakako. Lakini nani anakataa? Nyumba tunazolala ni za bwana. Ninian alipokea mara mbili, akashukuru mara mbili. Mwanawe wa kwanza aliangukiwa na mwamba akiwa na miaka tisa. Bwana hakutuma hata sanda.

Kisha akazaliwa msichana. Grizel akamkalisha Ninian kwenye kigoda.

"Huyu hapana. Umesikia? Ukipokea hata uzi, utafute pa kulala."

"Sipokei, mke wangu."

"Apa."

Akaapa. Na haki ya Mungu, aliushika ule upumbavu wake wote akaufanya ujasiri. Rankine, msimamizi wa shimo, alikuja na viatu vidogo vyekundu mara mbili, na mara mbili Ninian akasema hapana. Nilijivunia kaka yangu kwa mara ya kwanza maishani.

Jumapili ya ubatizo ikafika. Mama mzazi haendi, anabaki ndani mpaka siku yake ya kwenda kanisani kushukuru baada ya uzazi itimie, kwa hiyo aliyembeba mtoto ni mimi, shangazi. Ninian alitangulia kwenda kumwona mchungaji. Mkono mmoja nilimshika mtoto, mkono wa pili kitambaa safi chenye mkate wa shayiri na kipande cha jibini. Mkate ule ni wa mtu wa kwanza mnayekutana naye njiani, awe tajiri, awe mwombaji. Anaula, anamwombea mtoto heri, anawasindikiza hatua chache, naye anatia chochote alichonacho kwenye nguo za mtoto. Kumnyima mkate, au kukataa alichotoa, ni kumwombea mtoto kifo. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu pia, na mimi sikuwahi kufikiri mara mbili.

Penye daraja la kijito, nani amesimama? Rankine. Yeye ambaye kila Jumapili huenda kanisani kwa farasi kwa njia ya juu! Alikuwa na watumishi wake wawili, na meno yote nje.

"Haya, Bethia, mimi ndiye wa kwanza. Nipe haki yangu."

Ningeweza kugeuka. Ningeweza kuutupa ule mkate mtoni. Lakini mtoto alikuwa hajabatizwa, na majirani waliotusindikiza walikwisha anza kunong'ona kuwa namletea nuksi. Nikampa. Akatafuna polepole, akaomba dua ndefu ya kinafiki, kisha akatoa vile viatu vyekundu mfukoni akavichomeka ndani ya shali.

"Sema asante, mama," akasema.

Nikasema asante.

"Tumeona na tumesikia," wakasema wale wawili. Ndipo nilipojua walikuja kufanya nini.

Nyumbani Grizel alimfungua mtoto, viatu vikaanguka mapajani mwake.

"Nani amepokea hivi?"

"Wifi, ni desturi ya njiani, mimi sikuwa na..."

"Nimeuliza nani amepokea!"

"Mimi."

Akanizaba kofi. Sikuinua mkono.

Lakini Grizel si mtu wa kulia na kulala. Kesho yake alivirusha vile viatu mlangoni kwa Rankine. Akaambiwa jina limekwisha andikwa. Akaenda kwa mchungaji na wazee wa kanisa, akasimama mbele yao na mtoto kifuani, akasema kishika mkono hupokewa na mzazi, na zawadi ya mkate ni zawadi ya mkate, basi. Hoja ikawaingia. Wakasema, sawa, aje Bethia aseme alipokea kwa nia gani. Neno langu moja lingemwacha mtoto huru.

Siku moja kabla, mchana kweupe, Rankine alinikuta mdomoni mwa shimo. Mume wangu wakati huo alikuwa anakohoa vumbi la makaa, hakati tena, na nyumba tuliachiwa kwa huruma tu.

"Paa lako linavuja, Bethia?" akaniuliza kwa upole. "Ningependa uendelee kuwa nalo."

Mbwa yule!

Siku ya kikao na yeye alikuwapo, amekaa na wazee, maana ni mzee wa kanisa. Ndiyo, mzee wa kanisa! Mchungaji akaniuliza, "Bethia Pryde, ulipokea viatu kama zawadi ya njiani, au kama kishika mkono?"

Grizel alinitazama, usoni ana matumaini, kwa sababu nilikuwa rafiki yake.

"Sikumbuki, mchungaji," nikasema. "Nilisema asante tu."

Sikumbuki! Nakumbuka mpaka makombo ya jibini kwenye ndevu zake. Nawachukia wote waliokaa kwenye lile benchi, namchukia bwana ambaye sijamwona hata siku moja, na mimi mwenyewe sijichukii kidogo. Mume wangu alikufa majira yale yale ya baridi, chini ya paa nililolinunua kwa mtoto wa mwenzangu. Na lilivuja.

Imepita miaka saba. Wiki iliyopita binti yule, Lilias, ameanza kazi. Nilikuwa nyuma yake kwenye ngazi, naona visigino vinatetemeka, kikapu kimemkunja kama bibi kizee. Tulipofika penye kituo cha kupumzikia kati ya ngazi na ngazi, nikamwita.

"Lilias, mwanangu, lete mawe mawili matatu nikupunguzie. Kisha chukua mkate huu, ule."

Akageuka. Ana macho ya Grizel. Hakuwa na jeuri hata kidogo, alizungumza kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Ahsante, shangazi. Mama amesema nisipokee kitu mkononi mwako."

Akaukaza mkanda kwenye paji la uso, akaendelea kupanda.