Dai la Nne

Nilichaguliwa kuwa mjumbe wa wafanyakazi, delege kama tunavyoita, siku ambayo sikuwepo mkutanoni. Nilikuwa msalani na tumbo langu. Niliporudi, wenzangu wa kiwanda cha mawese walikuwa wananipigia makofi. Walisema najua kuandika Kifaransa cha barua. Ningejua mzigo wenyewe, ningebaki kule kule.

Kiwanda chetu si kikubwa. Kiko pembeni mwa mji wa Rumonge, na wakati ule mapipa ya kuchemshia mafuta hayakuwa na vifuniko. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikoroga alimwagikiwa mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Alipopona, vidole vitatu havikukunjuka tena, na bosi akamwambia abaki nyumbani. Hapo ndipo chama chetu cha wafanyakazi kilipoamka. Kabla ya hapo tulikuwa tunakutana kugombana tu.

Tuliandika madai manne: buti, glavu, vifuniko, na yule mama arudishwe, apewe kazi ya kuchambua chikichi akiwa ameketi. Hilo la nne ndilo lililotukusanya. Hakuna aliyegoma kwa ajili ya buti. Tuligoma siku tisa kwa ajili yake, chikichi zikaoza uani, na wakulima waliozileta kutoka Gatete wakatutukana vizuri sana.

Vikao vilikuwa sita. Bosi hakupaza sauti hata mara moja; afadhali angepaza. Kikao cha mwisho aliagiza soda, akasema, "Bwana delege, tatu nimekubali. Hili la mama tuliache, watu warudi kazini." Niliwatazama wenzangu wawili niliokwenda nao. Mmoja alikuwa amesinzia. Nilichoka, sina neno jingine. Nilichoka na viti vile, na maneno yale yale, na wake za wagomaji waliokuja kwangu kila asubuhi kuniuliza watapika nini. Nikatia sahihi. Nje wagomaji waliniimbia.

Buti zilikuja kweli, glavu pia. Viwanda viwili vya jirani navyo vikawapa watu wao buti, kwa kuogopa mgomo. Watu bado wananisifu kwa hilo, na mimi hukasirika bila kuwaambia kwa nini.

Kesho yake ya kutia sahihi nilikwenda kwa yule mama kumwambia mwenyewe. Nilimkuta uani akichagua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Nilimweleza yote, aibu imenijaa. Hakunilaumu.

"Murakoze, baba, mulijikaza," akanishukuru. "Sasa ile nafasi yangu ya kukoroga, nani iko nayo?"

"Bado hakuna mtu."

"Basi muandike mudogo wangu. Iko na watoto wawili, na bwana yake alivuka Kongo, hakurudi." Akasukuma maharagwe pembeni. "Na ile kifuniko, waliisha kuiweka?"

"Iko kwa karatasi tu, mama."

Akayavuta tena maharagwe. "Atafanya angalisho, atajichunga," akasema.

Ningeweza kumwambia asubiri hadi vifuniko viwekwe. Sikusema. Nilikuwa nimeshamnyima kitu kimoja, sikuwa na nguvu ya kumnyima cha pili.

Jumatatu mdogo wake alifika mapema, amejifunga kitenge vizuri, akanishukuru mara mbili kwa niaba ya dada yake. Nikampeleka kwenye pipa, nikamwonyesha pa kusimama.