Alama Tatu za Mwamuzi wa Lango

Zakayo aliwahi kulala kwenye kochi la Bwana Oduor kwa miezi minne, na kwa miaka kumi na tisa iliyofuata hakuna mtu wa Afrika Mashariki hapa Stockholm aliyenyimwa habari hiyo. Ilitangazwa kwenye harusi na kwenye matanga, na siku moja hata kwenye ubatizo wa mtoto wa Wakongo ambao hawakumjua Oduor wala kochi lake.

Mkewe Zakayo, Paskalia, alikuwa akisomea unesi Flemingsberg, akiishi chumba cha wanafunzi ambamo mgeni haruhusiwi kulala zaidi ya siku tatu. Kwa sheria za jengo lile, mume naye alikuwa mgeni. Ndipo Oduor akampokea. Kochi lilikuwa fupi na Zakayo ni mrefu, kwa hiyo miguu yake ililala juu ya meza ya chai. Hilo la miguu halikutangazwa popote.

Zakayo hakuwa mtu wa maneno. Alimaliza darasa la nane kwao Bungoma, na sasa alisafisha madarasa ya shule moja Tumba, kazi aliyoipenda kwa sababu ilianza watu wakishaondoka.

Sasa Oduor alikuwa na mwana, Aron, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye mwendo mzuri na nywele nzuri zaidi. Mwaka huu Aron alichaguliwa kuchezea timu ya taifa ya Sweden katika kandanda ya Australia, ile ambayo mpira wake una umbo la yai na wachezaji huudaka, huupiga teke na hupandiana mabegani bila kuombana radhi. Hadi Aprili Oduor hakujua kama mchezo huo upo duniani. Kufika Mei alikuwa bingwa wa kuueleza.

Mechi na Denmark ilipangwa uwanja mmoja upande wa Vällingby. Akatafutwa mtu wa kusimama kati ya nguzo kama mwamuzi wa lango, avae koti jeupe na kupunga bendera mpira ukipita. Oduor akamtoa Zakayo haraka kama mtu anayetoa kiti chake mwenyewe. Alieleza kwamba Zakayo anaweza kusimama saa mbili bila kusema neno, na kwa kweli sifa nyingine haikuhitajika.

Kilichomvutia Oduor hasa ni kanuni moja. Baada ya mechi kila mwamuzi, na wote walikuwa watatu, huandika kwenye kadi wachezaji watatu waliomzidi kila mtu: wa kwanza alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja. Mwenye jumla kubwa huvikwa nishani ya mchezaji bora. Oduor alikwisha kupigilia msumari ukutani, kati ya picha ya harusi na shahada yake.

Jumatano kabla ya mechi alikwenda Tumba kumtembelea Zakayo nyumbani kwake. Alikaa, akabonyeza mto wa kochi kwa kiganja.

"Kochi zuri hili," alisema. "Lakini gumu kidogo. Lile langu lilikuwa laini, unalikumbuka?"

Zakayo alisema analikumbuka.

"Basi. Mimi siombi kitu, ndugu yangu. Wewe kumbuka tu."

Zakayo hakulala vizuri siku tatu, ingawa sasa alikuwa na kitanda.

Jumamosi ikafika. Alivaa koti jeupe lililomfanya afanane na muuza nyama, akasimama kati ya nguzo za lango la kaskazini. Katika vipindi viwili kati ya vinne Sweden walishambulia lango lake, na hapo akamwona Ivan, beki wa Denmark, seremala mnene mwenye goti lililofungwa bandeji. Kila mpira uliokuja, Ivan aliupiga ngumi ukaenda nje. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Hakuna aliyempigia makofi, kwa sababu macho yote yalikuwa katikati ya uwanja, ambako Aron alikuwa akikimbia vizuri sana kuelekea mahali ambapo mpira umeshatoka.

Baada ya mechi Zakayo aliandika kadi yake huku ameifunika kwa mkono kama mtoto kwenye mtihani. Aliamini kura ni siri. Alitenda haki kwa ujasiri mkubwa, ule wa mtu ambaye hatajulikana.

Kumbe desturi ya mchezo huu ni kuzisoma kadi hadharani, moja moja, pamoja na cheo cha mwandishi. Watu wakiwa wameshika soseji na kahawa, kadi mbili za kwanza zilimpa Aron alama tano na Ivan tatu. Oduor alifunga kifungo cha koti, tayari kwa picha.

Ya mwisho ilikuwa ya mwamuzi wa lango la kaskazini. Ivan, tatu. Mbili na moja zilikwenda kwa Wasweden wengine. Jumla: Ivan sita, Aron tano.

Oduor alivuka nyasi hadi kwenye lile koti jeupe. Alikuja polepole, watu wapate kutazama.

"Hata moja, Zakayo? Miezi minne, na hukuona hata alama moja?"

Zakayo alitazama viatu vyake. Kwa miaka kumi na tisa jibu lake kwa Oduor lilikuwa "ndiyo", na sasa neno hilo halikufaa.

"Aron alifika langoni kwangu mara moja," alisema. "Alikuja kuniuliza saa."

Aron, aliyekuwa nyuma yao, alicheka. "Det stämmer, pappa," alisema. "Ni kweli. Ilikuwa saa nane na nusu."

Hapo kocha wa Denmark akaja akiwa amenyoosha mkono. Alisema hajawahi kuona mwamuzi akimpa beki alama tatu, na akamwomba Zakayo asimamie lango mechi ya marudiano Copenhagen. Watu wakageuka na kumtazama Zakayo kwa heshima.

Oduor aliiona heshima hiyo ikipita karibu naye. Akajiingiza katikati.

"Huyu nimemlea mimi," alimwambia kocha. "Miezi minne kwenye kochi langu. Uaminifu wote huu ameutoa pale."

Kocha akauliza kwa adabu kijana huyo aliyelelewa alikuwa na umri gani wakati huo.

"Ishirini na tisa," alijibu Zakayo. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuanza kusema, akaongeza: "Na miguu ilikuwa mezani."