Kidole cha Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa. Jumapili huenda bwawani kuvua kwa kujifurahisha tu, maana samaki anaowaleta hawamshibishi hata paka. Huulaza mshipi juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, amsikie samaki akidonoa. Chanjo ya ugonjwa uliokuwa ukiua watu ilipofika akaisusa. Kinyozi alimwambia inaua mkono, kidole kisisikie kitu tena.

“Baba watoto, utazikwa na hicho kidole chako,” nikamwambia.

Jumamosi akaenda kuchanjwa amenuna, akipanga kutoa mkono wa kulia. Lakini kwa mazoea akavua koti kuanzia kushoto, na kufumba na kufumbua nesi akamdunga mkono uleule. Kesho yake bega likamuuma, akaelekea bwawani kama anayekwenda msibani.

Mchana akarudi, ndoo tupu.

“Samaki yuko wapi?”

“Kaponyoka. Lakini nilimsikia, mama watoto. Kidole kilimsikia akidonoa.”

Moyo ukanitua. Ila mume wangu akikosa samaki hununa mpaka Jumatano. Nilipomwona anacheka na ndoo tupu, ndipo mimi nikaanza kuiogopa chanjo.