Kizibao nilichomvalisha Bi Salma kule Bagamoyo

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio mezani sokoni, mlio maofisini na mliojilalia tu nyumbani.

Naandika huku mabega yananiuma kwa kupiga kasia. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na chumvi sitaongeza. Niliyoinywa Jumapili inatosha.

Mimi nauza makoti ya mitumba pale Mchikichini, mwaka wa kumi na moja huu. Najua kuna mtu ameshacheka, makoti Dar na joto hili? Mkuu, wateja wangu wanatoka Njombe na Makete. Wewe endelea na feni yako.

Mwezi uliopita nimefungua belo la mitumba, nakuta vizibao kumi vya rangi ya machungwa. Vinene, vina mikanda ya kubana kifuani na mistari inayong'aa. Vipya kabisa, hata lebo hazijakatwa.

Nikatangaza palepale: haya ni malaifu jaketi, yale ya kumwelesha mtu majini asizame.

Nani aliniambia? Hakuna. Sisi watu wa mitumba nguo haina jina mpaka muuzaji aipe. Lebo imeandikwa lugha usiyoijua, basi unaitazama, unaipa jina, ukishalitamka kwa sauti mara tatu hata wewe mwenyewe unaliamini. Nimewahi kuuza nguo ya kulalia kama gauni la sendofu, na bibi harusi akapendeza balaa.

Sasa, tuna grupu letu la wafanyabiashara, wa Kariakoo na Mchikichini. Kila baada ya miezi michache tunafunga biashara Jumapili, tunaenda kupunga upepo. Safari hii ikapangwa Bagamoyo, kupanda kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki vya watu wawili wawili. Unapita kwenye mikoko, unatokea kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari.

Kwenye grupu yupo Bi Salma, anauza viungo Kariakoo. Ana miaka sitini na kitu, amezaliwa hapahapa mjini, na kwa maisha yake yote bahari haijawahi kumvuka magoti. Kila familia yake ikienda ufukweni, yeye ndiye wa kukaa mchangani kulinda viatu na sufuria ya pilau.

Safari hii alisema anataka kuingia majini kabla hajafa. Ila anaogopa.

Nikampelekea kizibao hadi dukani kwake.

"Shikamoo Bi Salma. Ukivaa hiki, hata ukitaka kuzama chenyewe hakikubali."

"Marahaba. Una uhakika, Issa?"

"Mama, mimi na majaketi?"

Akakichukua. Wenzangu wengine nao wakachukua, kimoja nikabaki nacho mwenyewe, vyote kumi vikaisha. Nilijiona mfalme.

Jumapili tumefika Bagamoyo asubuhi, upepo mwanana, watu wana furaha mpaka wanaongea wote kwa wakati mmoja. Mwenye kayaki ni binti wa palepale anaitwa Mwajuma. Alikuwa na malaifu jaketi yake, yamepauka, yananuka samaki. Sisi tukayacheka. Tulikuwa tumependeza, kumi wote rangi moja.

Mwajuma akabonyeza kizibao changu. "Kaka, hiki mbona laini? Tukijaribu kwanza kwenye maji."

Nikamwambia, "Dada, wewe endesha kayaki, majaketi niachie mimi."

Hakubishana. Alichukua yale yake yote akayafunga nyuma ya kayaki yake, akasema atakuja nayo hivyohivyo. Mungu ambariki yule binti.

Wakuu, kayaki ni raha! Asikwambie mtu. Mnapita katikati ya mikoko, kimya, maji kama chai ya maziwa, kaa wekundu wanakimbia kwenye mizizi. Halafu ghafla mikoko inaisha, bahari yote inafunguka mbele yako. Nilipiga ukelele bila kujua kwa nini. Miaka yote hii niko umbali wa nauli ndogo tu, Jumapili zangu naziishia kwenye kochi!

Bi Salma alikuwa mbele na Rukia, mwenzetu anayeuza viatu. Anapiga kasia kama anatwanga, huku akiimba. Tukaanza kushindana nao.

Kwenye kona ya mwisho mimi na Deo, jirani yangu wa meza pale sokoni, tukageuka vibaya. Kayaki ikapinduka.

Maji pale yalinifika kifuani tu. Nikasimama nacheka. Kisha nikasikia uzito. Kizibao kilikuwa kinakunywa maji, kinanivuta chini kama blanketi lililoloa. Nikakikamua kwa mkono, ndani ni pamba tupu.

Lilikuwa koti la baridi lisilo na mikono. Mtoto wa watu huko kwao kwenye barafu alikuwa analivaa kwendea shule.

Nikainua macho. Bi Salma alikuwa anaingia kwenye mkondo, pale maji ya mikoko yanapokutana na bahari. Mwajuma alituambia mapema kwamba pale hata yeye hagusi chini.

Deo akasema, "Issa, hivi vitu vinakunywa maji!"

Na hapa wakuu ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilimwambia, "Nyamaza kwanza."

Ndiyo. Kichwani niliona soko zima likinicheka. Niliona wateja wakivua makoti na kuyarudisha mezani. Nikajiambia labda hawatapinduka, wakifika kwenye fungu nitavikusanya taratibu, nitasema ni vya kufuliwa. Deo alinitazama tu. Kweli akanyamaza.

Ndipo Bi Salma, kwa furaha, akasimama ndani ya kayaki ili atupungie mkono.

Sijui sauti ile niliitoa wapi.

"Bi Salma kaa chini! Kaa! Siyo laifu jaketi! Ni koti! Ni koti la baridi jamani, hayaelei, vueni!"

Kayaki yao ikayumba kushoto, ikayumba kulia. Rukia akamvuta dera, Bi Salma akakaa kwa kishindo. Mwajuma alishawafikia. Sijawahi kuona mtu anapiga kasia vile. Akaishika kayaki yao, akamvalisha Bi Salma lile jaketi linalonuka samaki, akamfunga kila mkanda. Kisha akatupitia wote, mmoja mmoja.

Tulipofika kwenye fungu tukavuta kayaki zetu mchangani. Bi Salma akanifuata.

"Ulijua saa ngapi?"

"Nilipoanguka."

"Ulianguka kule kwenye kona. Mimi nimefika mpaka mkondoni. Muda wote ule ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kudanganya, ndiyo kazi yangu. Nikasema, "Nilikuwa naogopea jina langu sokoni."

Alinitazama mpaka nikatamani mchanga unimeze. Kisha akasema, "Haya. Nipe mkono, nimekuja kuingia majini. Wewe tangulia."

Nikatangulia. Maji yakampita magoti, yakampita kiuno. Mwajuma akamshika mgongo, akamwambia alegeze shingo. Miguu ikapanda yenyewe juu.

"Jamani, maji yananibeba! Yananibeba!"

Alicheka mpaka machozi, na sisi wote tukashangilia kama goli limeingia. Tuliogelea mpaka maji yakaanza kulimeza fungu. Kwa kweli sijawahi kuwa na siku tamu kama ile, na sijawahi kujiona mdogo kama siku ile.

Jumatatu soko limechangamka, wateja wamejaa mezani, namuona Bi Salma huyo anakuja. Akainua juu kizibao kimoja kati ya vile nilivyovikusanya na kuvirudisha mezani.

"Issa, hii ni nini?"

"Koti la baridi, Bi Salma. Halielei."

"Sema tena, wale wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti ileile ninayoitia wateja. Akalirudisha mezani, akauliza lini tunakwenda tena.

Nilichojifunza ni hiki: kitu usichokijua, sema hukijui, hata kama una miaka kumi na moja mezani. Na ukienda baharini vaa jaketi la mwenye bahari, hata kama linanuka. Bagamoyo nendeni wakuu, nendeni kabisa, mtanishukuru.

Wauzaji wenzangu, fungukeni hapa chini: ni kitu gani umewahi kukipa jina usilolijua, na nani alikuamini? Matusi nayo nayapokea, nimeyastahili.

Na Deo, najua unasoma huu uzi kimyakimya. Siku nyingine nikikwambia nyamaza, piga kelele.