Mtani Alivyotukataza Kwihara

Baba alipopata kazi kwenye karakana ya reli Tabora, tulihama Usinge sote: yeye, mama, dada yangu mkubwa na mimi niliyekuwa bado mdogo sana. Mama alikubali kuacha shamba na ndugu zake kwa sharti moja tu, kwamba watoto wasome. Aliyekuwa akimfikiria hasa ni dada. Kule porini hakukuwa na shule, naye alikuwa mtoto mwenye akili ya kutisha. Herufi za kwanza alijifunza kwa kuzikodolea macho kwenye magunia ya stesheni.

Nyumba tulizozimudu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa chumba Mtendeni, chenye bati linalovuja, choo cha kugombania na majirani wasionyamaza, ila shule ya misheni ilikuwa karibu. Ya pili ilikuwa nyumba nzima ya tembe huko Kwihara, nje ya mji, yenye ua na shamba la karanga nyuma, na kodi yake ilikuwa nafuu kuliko ya kile chumba. Shule ya huko ilikuwa banda la nyasi, na mwalimu wake mwinjilisti mmoja aliyefundisha akishamaliza kulima.

Mwenye chumba cha Mtendeni alikuwa Mzaramo aliyefanya kazi pamoja na baba. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkeo, na wewe huruhusiwi kununa. Siku tuliyokwenda kuangalia chumba, alikaa kizingitini akatukaribisha kwa kejeli.

"Mnyamwezi, chukua chumba hiki. Ukienda Kwihara, watoto wako watatoka kwenye lile banda wakijua kuimba tu. Hapa mjini hakuna shule itakayowapokea. Watakuja kunibebea mizigo, kama babu yako alivyombebea babu yangu."

"Babu yako alikuwa na mzigo gani, mtani? Nazi mbili?" baba akamjibu, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mama hakucheka. Njiani alimwambia baba, "Yule mtu amesema kweli."

"Yule ni mtani," baba akasema. "Na anatafuta mpangaji."

Tukahamia Kwihara. Sitadanganya, tuliishi vizuri. Tulikula karanga mbichi, za kuchemsha na za kukaanga mpaka tukazikinai, na mama akapata mtoto mwingine. Dada hakukosa bandani hata siku moja. Alisoma Zaburi bila kukwama, akapiga hesabu kichwani, na mwinjilisti akienda shambani yeye ndiye aliyetufundisha sisi wadogo. Baba alimsifia kwa kila mgeni aliyeingia uani, na mimi niliona wivu.

Ikafika siku mwinjilisti akakiri kwamba hana tena cha kumfundisha. Baba alituchukua mimi na dada akatupeleka ile shule ya misheni mjini. Mwalimu mkuu alieleza kwa upole kwamba masomo ya banda hayahesabiki, kwa sababu shule yenyewe haikuandikishwa serikalini. Kila mtoto kutoka huko alianza darasa la kwanza. Kisha akatuambia tupitishe mkono juu ya kichwa tuguse sikio la upande wa pili, maana hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Vidole vyangu viligusa kwa shida, nikaandikwa. Mkono wa dada ulipita sikio ukafika shavuni.

"Huyu amekwisha kuwa mkubwa," mwalimu mkuu akasema.

Baba alikwenda moja kwa moja kwa mtani wake, huku sisi tukimfuata nyuma.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," yule Mzaramo akajibu. "Ukacheka."

Hakuna aliyetania siku hiyo.

Nimemkasirikia baba miaka mingi, na nimemhurumia miaka hiyo hiyo. Mtu mwingine angemwonea haya, angempongeza kwa kupata nyumba kubwa. Mtani peke yake ndiye angeweza kumwambia usoni, na sisi tumelelewa kuamini kwamba maneno ya mtani ni ya kuchekea tu. Inaniuma kwamba aliyelipia kicheko kile hakuwa yeye.

Asubuhi yangu ya kwanza shuleni alinipeleka dada. Mama alikuwa na homa, kwa hiyo dada alimbeba mtoto mgongoni na mimi akanishika mkono tangu Kwihara. Mlangoni alimwamkia mwalimu wa darasa la kwanza, msichana aliyemzidi yeye umri kidogo tu, akamweleza kwamba nimeanza kusoma na kwamba nikikosea nisikemewe, nikumbushwe tu. Alimweleza pia herufi zilizokuwa zikinisumbua.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Umemwandaa vizuri, mama. Mwache tu, tutamwangalia."

Dada hakumsahihisha. Alichungulia darasani juu ya bega la mwalimu, akatazama madawati yote mpaka ubaoni, akasema, "Ahsante, mwalimu." Kisha akavuta kanga akajifunika kichwa, kama mama wa watu, akaondoka.