Mluzi wa Godauni

Mimi sipendi mtu aniambie "tucheze kidogo" kazini. Mtu mzima akikuita mchezoni saa za kazi, jua kuna kitu anakitafuta. Kwa hiyo bosi wetu aliponiita ofisini, kwenye godauni la vigae Magongo, akanieleza kwamba kila mwisho wa mwezi nitakuwa nawakusanya wafanyakazi tutazame nyuma, lipi lilikwenda sawa na lipi liliharibika, tena kwa mchezo ili watu wawe huru, nilimwangalia usoni nisimwamini hata chembe. Mtu wa bara, mpole, tabasamu halimtoki. Vigae vilikuwa vinavunjika kila wiki na hakuna aliyejua vinavunjwa na nani.

"Wewe ni wa hapa hapa Pwani, madam," aliniambia. "Wewe watakuambia."

Nikasema moyoni, ala, kumbe mimi ni chambo.

Lakini kazi ni kazi. Mchezo wa kwanza niliufanya wa mpira, na kadi za njano na nyekundu. Wabebaji wakabishana juu ya timu zao mpaka saa ya kufunga, vigae hakuna aliyevitaja. Mwezi uliofuata nikaja na harusi. Nilitoka nyumbani Likoni na sinia ya shaba ya marehemu mamangu, nikatandika mkeka katikati ya godauni, nikapanga vibakuli vya tende, chumvi na mkaa. Mwezi uliopita ndio pilau ya harusi, nikawaambia. Kilichokupendeza, weka tende kwenye sinia. Kilichopungua, tia chumvi. Kilichoungua, weka mkaa. Kisha sema neno.

Wakapita mmoja mmoja. Tende. Tende. Tende. "Chakula kitamu, mashallah." "Mpishi ana mkono wake." Hata bawabu wa langoni, ambaye hulalamika hata jua likichomoza, aliweka tende na kumwombea mpishi dua. Mkaa haukuguswa.

Nilikuwa nimesimama kwenye feri nikirudi nyumbani ndipo nilipojitukana. Mimi, mtoto wa Likoni, nimewakalisha watu karamuni halafu nataka waniambie pilau imeungua! Nani kati yetu aliyelelewa akala kwa watu akasema chumvi haikukolea? Ukipewa mchele mbichi utatafuna, na mwenyeji utamshukuru. Mamangu angenifinya sikio.

Ila hiyo ilikuwa nusu tu ya shaka yangu. Nusu ya pili ilikuwa mluzi.

Kila nikiingia godauni nilisikia mtu anapiga mluzi, mfupi, kisha mwingine. Foklifti inapita na shehena ya vigae, na mbebaji mmoja mrefu, mtu wa Kisauni, amesimama kando ya rafu anatazama dari kama hanioni. Nikakata shauri: huyu ndiye mlinzi wao. Maana ya mluzi ni mama yuaja, ficheni. Vigae havivunjiki, vinauzwa, na vipande tunavyoletewa ofisini ni vile vile vya zamani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikafika hadi ya kumshuku dereva wa foklifti, mzee wa watu, niliyekuwa nikimwamkia kila asubuhi. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba uso ameuelekeza pembeni yangu. Asiye na lake jambo hukutazama machoni, nilijiambia. Na huyu kwa nini hanitazami?

Mwezi wa tatu nilirudi na sinia. Bosi alitaka kukaa nasi, nikamwambia abaki ofisini la sivyo mchezo auendeshe mwenyewe.

"Leo hapa hakuna mgeni," nikawaambia watu. "Sote tuko jikoni, sufuria ziko motoni na chakula hakijatoka. Jikoni wapishi hawasifiani. Anayetaka kusema kitamu atoke akakae ukumbini."

Walicheka, na chumvi ikaanza kumwagika. Choo hakina maji. Glavu zimetoboka. Chai ya saa nne ni maji ya kunawia. Nilifurahi, wallahi, lakini mkaa ulikuwa bado mzima bakulini na hasira ikanipanda.

"Na mkaa je? Na huyo anayepiga mluzi kila nikiingia, anamfichia nani?"

Yule mrefu wa Kisauni, aliyeketi karibu na sinia, aliinamisha kichwa. Mzee wa foklifti akakohoa.

"Mwache," alisema. "Aliyeunguza ni mimi, mwanangu."

Akapapasa bakuli, akatoa kipande cha mkaa, akakiweka juu ya mkeka, kando kabisa ya sinia, kisha akajifuta vidole kama mtu aliyemaliza. Hakuna aliyecheka. Yule mrefu akapiga mluzi, polepole, mfupi kisha mwingine. Mkono wa mzee ukarudi, ukakiokota kile kipande, ukaifuata sauti mpaka ukagusa shaba.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Rafu alizijua kwa sikio, na wabebaji walikuwa wakipokezana kusimama pale kumwonyesha njia kwa mluzi, shehena ya vigae ikining'inia juu ya vichwa vyao. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kuwazaba makofi wote.

"Siku moja mngekufa," nikasema. "Kwa nini hamkusema?"

"Tumwambie nani?" yule mrefu akaniuliza. "Wewe?"

Foklifti siku hiyo haikuwashwa tena. Mimi ndiye niliyekwenda kwa bosi, maana mtu asiyeona hawezi kuachwa juu ya mashine, hilo hata leo nalisema. Nikamwombea mzee akatibiwe, kisha arudi, kwenye usukani au awafundishe madereva wapya. Bosi akatabasamu. Bila shaka, akasema, kwanza macho, kazi yake itamngoja. Tabasamu lile lile nisiloliamini tangu mwanzo, na siku hiyo nikaliamini kwa sababu nilikuwa nimechoka kushuku watu. Nikarudi godauni nikawaapia wote kwamba nafasi ya mzee ipo.

Macho yakapona. Asubuhi aliyorudi nilimkuta langoni, bawabu amemzuia, ameagizwa asimwingize. Kwenye foklifti kulikuwa na dereva mwingine, ameshaandikwa kazi. Nikampa mzee shikamoo, na kwa mara ya kwanza akanitazama sawasawa machoni.

"Marahaba," akasema. "Kumbe ndiwe wewe." Akageuka akashika barabara ya Magongo akaenda zake.

Vigae havivunjiki tena. Bosi amefurahi na mchezo anataka uendelee, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi natandika mkeka, na sinia yangu inajaa tende, chakula kitamu, mashallah. Na kila nikiingia godauni mluzi unapigwa, mfupi, kisha mwingine, hata foklifti ikiwa imezimwa.